Ruhusa Niliyoiandika Kabla ya Kuombwa

Kwenye simu yangu kuna rekodi ya dakika 54 ambayo imekaa humo tangu Februari bila kwenda kokote. Ni sauti yangu, nikisoma hadithi ya maneno kama 6,000 iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu nisiyemjua. Ni hadithi ya mashabiki, yaani ile ambayo mpenzi wa kitabu au wa mchezo wa televisheni huitunga akiwatumia wahusika aliowakuta humo, akamwoza aliyeachwa au akampa aliyekufa miaka mingine kumi ya kuishi. Niliisoma kwa ajili ya shangazi yangu aliyeko Luanda, kaunti ya Vihiga, ambaye presha ya macho imemnyima kusoma lakini haijamnyima hamu ya kujua mambo yaliishia wapi.

Anayeishi Manyatta hapa Kisumu na kulala chini ya mabati anajua kwamba kurekodi si jambo la saa yoyote. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, kabla kunguru hawajaanza kutembea juu ya paa, nikajifunika blanketi pamoja na simu ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Nikikosea neno napiga kofi moja, kisha nairudia sentensi yote. Baadaye, ninapokata na kuunganisha, kofi lile huonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba uliosimama, nami najua mahali pa kukata. Dakika zile 54 zilinichukua asubuhi tatu, na asubuhi ya pili yote niliitupa kwa sababu mvua ilianza mapema.

Shangazi aliisikiliza mara mbili, kisha akanipigia simu. Akina mama wa chama chake walikuwa wameisikia wakiwa kwake na kila mmoja alitaka atumiwe yake. "Lakini mwanangu," akaniuliza, "huyu mwenye hadithi anajua kwamba wewe unazunguka nayo?" Nikamjibu kwamba kumsomea yeye peke yake ni jambo la nyumbani. Kuisambaza ni jambo lingine, hilo nililikubali papo hapo, na jioni ile nikamwandikia mwandishi. Nilijieleza vizuri, nikataja shangazi, nikaahidi kutotoza hata shilingi. Sijapata jibu hadi leo.

Watu husema anayenyamaza amekubali. Katika jambo hili sikubaliani nao. Wengi wanaoandika hadithi hizi huanza wakiwa wanafunzi, kisha hupata kazi au watoto, hubadilisha barua pepe, husahau neno la siri, na ukimya wao haumaanishi ndiyo wala hapana, hawapo tu. Kwenye Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika la Organization for Transformative Works, mwandishi anaweza hata kuiacha kazi yake iwe yatima: hadithi inabaki ikisomwa, lakini jina lake linaondolewa. Msomaji anayetaka kuirekodi kazi ya namna hiyo hana mlango wa kubisha.

Ndiyo maana wapo waandishi, hasa wanaoandika kwa Kiingereza, ambao wamezoea kutoa ruhusa ya wazi mapema. Kwenye ukurasa wanaojitambulishia, mwandishi huandika mstari mmoja au miwili kwamba yeyote anayetaka kurekodi hadithi zake kwa sauti na arekodi bila kuuliza, mradi amtaje na amtumie kiungo. Hifadhi yenyewe haiweki faili za sauti, kwa hiyo rekodi hukaa mahali pengine, lakini inamwezesha msomaji kuunganisha ukurasa wa rekodi yake na ule wa hadithi asilia, ili atakayeifikia moja aione na nyingine. Hifadhi hiyohiyo inamruhusu mwandishi kuteua mtu wa kusimamia akaunti yake endapo atafariki au kushindwa kuendelea, jambo ambalo mwanzoni lilinichekesha, kisha halikunichekesha tena.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka maandishi yenye sahihi pale mtu anapohamisha haki zake au anapompa mmoja leseni ya peke yake. Leseni iliyo wazi kwa wengi inaweza kuandikwa, kutamkwa, au hata kutambulika kutokana na mwenendo wa mwenye kazi. Mistari miwili basi inatosha. Hata hivyo, leseni ya aina hiyo, isipokuwa iwe imetolewa kwa mkataba, inaweza kufutwa wakati wowote, na mtu aliyeamka alfajiri tatu chini ya blanketi ana haki ya kuhofia hilo. Tena mwandishi wa hadithi ya mashabiki anaweza kuruhusu maneno yake mwenyewe tu. Wahusika aliowaazima bado wana mwenyewe, na ruhusa yake haimgusi huyo.

Nami nina hadithi zangu kumi na moja mtandaoni, na nilipojitazama nikaona kwamba namlaumu mtu kwa kosa ninalolifanya mwenyewe. Sababu yangu ya kusita ilikuwa moja. Mwaka juzi mtu aliirekodi hadithi yangu bila kuniambia, akaliondoa jina langu, akaubadilisha mwisho, na katikati ya mazishi, pale ambapo mama anashika udongo wa kwanza, akaingiza tangazo la mikopo ya simu. Nilikasirika kwa wiki nzima. Lakini hasira ile, nilipoipima tena, haikuhusu kurekodiwa. Ilihusu jina, mwisho na tangazo. Mambo hayo matatu yanaweza kuandikwa kama masharti, na yule aliyenikosea asingezuiwa na ukimya wangu, kwa kuwa hakuuliza. Ukimya ulikuwa ukiwazuia wenye adabu tu.

Basi niliandika hivi: "Yeyote anaruhusiwa kurekodi kwa sauti hadithi zangu zote, zilizopo na zijazo, bila kuniomba. Nitaje jina ninaloandikia. Usiuze rekodi wala usiweke matangazo ndani yake. Usibadilishe matukio, kurekebisha neno lililoandikwa vibaya ni sawa, na muziki ni sawa. Nitumie kiungo ukimaliza, hata kama mimi sijibu. Nikija kubadili nia, rekodi zilizokwisha kufanywa zitabaki." Kipengele cha kujibu nilikiongeza mwisho, saa nne usiku, nikimfikiria mwandishi wangu wa Februari. Kile cha matamshi nilikiandika nikakifuta, kwani nilitaka kila jina litamkwe ninavyolitamka mimi, na huko ni kumshikia mtu mdomo.

Nilifurahi kwamba nilikifuta. Wiki tano baadaye nilipokea kiungo kutoka kwa dada mmoja wa Bungoma aliyeisoma hadithi yangu fupi kuliko zote, dakika 19, na jina la mhusika Nekesa alilitamka kama watu wa kwao wanavyolitamka, kwa mpando wa sauti ambao mimi sikuwahi kuusikia kichwani nilipokuwa nikiandika. Kwa mbali jogoo aliwika, naye hakumkata. Nilimtumia shangazi rekodi hiyo pamoja na maelezo kwamba hii anaweza kuwagawia akina mama wote wa chama.

Alinipigia jioni. Alisema, "Huyu anakushinda kusoma, mwanangu, wewe una haraka." Halafu akauliza kama yule wa Februari amekwisha kujibu, kwa sababu jirani yake bado anaidai ile ya dakika 54, naye amekuwa akimwambia kwamba yuko tayari kumsimulia kwa mdomo wake mwenyewe, lakini jirani hataki, anataka kusikia maneno yaliyoandikwa.