Siku moja maishani mwangu: asubuhi ukutani, mchana kwenye kikao cha bajeti

Saa 12 asubuhi. Nishasali, nishapiga chai, napanda daladala Jang'ombe nashuka Darajani, halafu kwa mguu mpaka ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla jua halijawa kali, maana chokaa na jua haviendani kabisa. Mie fundi wa chokaa, kazi nimeirithi kwa marehemu baba. Leo nina shughuli mbili, asubuhi ukutani, mchana kikao cha madiwani cha bajeti, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kaniomba nifuatane naye nikaeleze habari ya nyumba kongwe tunayoitengeneza na bustani yake.

Saa 1. Kijana wangu kafunua shimo la chokaa, tumeiloweka tangu kabla ya Ramadhani, saa hizi laini kama samli iliyoganda. Ndoo moja ya chokaa, tatu za mchanga, tunachanganya taratibu.

Saa 3 tunabandua lipu ya saruji aliyoipiga fundi mwengine zamani, na hapa ndo roho inaniuma, maana ukibandua tu unakuta nyuma yake ukuta umeroa, chumvi nyeupe imetanda, jiwe unalibonyeza kwa kidole linamung'unyika. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, ukuta unatakiwa upumue, unyevu uingie na utoke. Ukiziba kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu mpaka yanafika kwenye vichwa vya boriti, na boriti za mikoko ndo zimebeba sakafu yote, kichwa kikioza dari inakuja chini na waliomo ndani.

Na haya maji yanatoka wapi? Paani mfereji umetoboka, na chini kuna kitalu cha maua kimejengwa kikagusana na ukuta, kinamwagiliwa kwa mpira kila jioni. Juu pale mkuyu nao umeota kwenye ufa, mdogo kama kiganja, lakini mizizi yake ishaingia ndani.

Saa 4 na nusu bi mkubwa wa nyumba ya pili katuletea chai na mkate wa kumimina. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, akauliza kwa wasiwasi, "Haya maua mtayang'oa? Wajukuu zangu hawana pengine pa kuchezea." Nikamwambia hatung'oi bibi, tunataka yasogee tu.

Saa 8 kikao. Mezani kuna mafungu mawili, moja la bustani na miti, jengine la mifereji ya paa na matengenezo ya nyumba kongwe, na pesa haitoshi yote mawili. Diwani mmoja akasema mgeni akifika anaona bustani kwanza, na kweli, bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya 2009 baada ya kazi ya taasisi ya Aga Khan mji mzima ulihamia pale jioni, mie mwenyewe na wanangu, siwezi kusema bustani ni upuuzi. Nilipopewa nafasi nikatoa jiwe la ukuta ule kwenye mkoba wa ukili nikaliweka mezani, likaacha unga mweupe pale pale. Nikawaambia waheshimiwa, UNESCO ilituandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na kuta hizi ni sehemu ya sababu. Na Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, watu wawili wakafa, na ni jumba tulilokuwa tunapita mbele yake kila siku. Bustani na ukuta msivipangie pesa kama watu wasiojuana, maji ya moja ndo ugonjwa wa mwengine, kila anayeomba pesa ya maua aoneshe kwanza maji yake yatakwenda wapi.

Uamuzi: fungu la bustani limepita, la mifereji limesogezwa bajeti ijayo. Imeniuma, kwa sababu masika haisubiri bajeti, na mfereji ule ni kazi ya siku tatu tu. Lakini wamekubali vitalu vyote vipya vikae mbali na kuta, na hiki chetu kisogezwe kwa pesa hiyo hiyo ya bustani. Sheha akanishika bega, "Maalim, jiwe limesema kuliko sisi."

Saa 10 na nusu nimerudi. Lipu ya chokaa tuliyoipiga asubuhi ishaanza kukauka upande wa jua, tukairushia maji kidogo kidogo kwa brashi, tukaifunika magunia yaliyoroa, kesho tena hivyo hivyo na keshokutwa, ikikauka haraka itapasuka. Kijana kapanda ngazi kaukata ule mkuyu. Bi mkubwa akatoka na mpira wake wa maji, akasimama, akatutazama, halafu akauvuta mpaka upande wa pili kwenye mlimau.