Mhitimu wa sheria, kaunta ya mapokezi

Saa 10 alfajiri naamka, Kimara, Dar es Salaam. Saa 11 na nusu niko ndani ya basi la mwendokasi, nimesimama, begi kifuani. Kabla ya saa 1 nimeshavaa sare na kupokea zamu hotelini, Posta: vyumba vilivyojaa, wageni wanaoondoka, bili, fedha za droo.

Nina shahada ya sheria ya miaka minne. Watu huniuliza nafanya nini mapokezi, kana kwamba sheria nimeitupa. Sijaitupa. Ili niwe wakili lazima nipite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na ada yake naitafuta hapa hapa kaunta. Nyumbani wameshanisomesha vya kutosha.

Saa 2 hadi saa 4 ni risiti, funguo na teksi za uwanja wa ndege.

Saa 4 na robo akashuka mzee mmoja. Alilipia siku tatu kwa bei ya punguzo, ile isiyorudishwa. Sasa anaondoka siku moja kabla na anataka fedha yake, taslimu. Nikamweleza. Akapiga kaunta kwa kiganja. "Wewe binti, niitie mtu aliyesoma!"

"Samahani baba, naomba tuisome pamoja fomu uliyosaini."

Nikaigeuza imwelekee, nikaweka kalamu chini ya mstari, nikausoma taratibu. Akasema hakuuona. Akasema sisi wezi. Akampigia mtu, akaweka spika, nikamweleza na huyo; alipokata simu akaanza upya. Simu ya mezani inalia, familia iliyotoka Mwanza inasubiri na watoto wamelala juu ya mabegi, na mimi nimesimama natabasamu, maana sare hii hainuni. Mwishowe nikamuuliza: baba, kwani kumetokea nini? Kumbe amefiwa, anawahi Morogoro. Muda wote huo hakuwa amelitaja. Nikampa pole, nikaenda kwa meneja, nikamwombea ule usiku uhamishiwe tarehe nyingine. Ikakubaliwa. Akasaini, akaondoka bila asante.

Saa hiyo najivunia. Hata mteja wa wakili huja na hasira kwanza, jambo lenyewe baadaye, na mimi nimeshaanza kujifunza kulisubiri.

Nimekula saa 9, wali maharage, na hata hapo dada wa usafi wa vyumba akanifuata na karatasi yake ya mshahara. Tukahesabu pamoja kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Zake za ziada hazikuwemo. Nikamwambia aanze kwa afisa utumishi. Ikishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi. Mimi si wakili bado, lakini kusoma kifungu naweza.

Mwenzangu wa jioni akakwama na mvua, zamu ikarefuka. Sikumbuki nilitoka saa ngapi. Miguu inawaka, mwendokasi umeshona.

Nyumbani nimefungua kitabu cha mwenendo wa mashauri ya madai, yaani namna kesi za madai zinavyoendeshwa. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi, 26 tu ndio waliofaulu bila kurudia mtihani. Siwezi kwenda pale mikono mitupu. Nimesoma hati ya madai mpaka macho yakagoma. Kesho naingia mchana, kwa hiyo asubuhi ni hati ya utetezi.