Wenzako si Wanashindana na Wewe?

Kuna maneno ya mama mmoja yamenikaa tangu Jumanne usiku, na nimeona niyaandike hapa kabla hayajaninyima usingizi wa leo pia. Mengine ya wiki hii mtaniwia radhi nikiyapita haraka: Jumapili Arusha nilishika nafasi ya pili kwenye mbio za baiskeli, goti limetulia, dada mkubwa kajifungua salama mtoto wa kike na mama yuko kwake anamlisha mtori, na ombi langu la kwenda kusomea ubingwa wa mifupa limevuka hatua ya kwanza.

Hayo ndiyo mliyokuwa mkiyaulizia, najua. Ila nikilala ninachosikia ni sauti ya yule mama.

Mnaijua wodi yetu ya mifupa wakati wa masika. Mvua ikianza kupiga barabara ya Himo jioni, sisi madaktari tunajua ajali zinakuja na hakuna kukaa. Jumanne nilikuwa na zamu ya usiku. Kitanda cha karibu na dirisha yupo kijana wa bodaboda, mfupa wa paja umevunjika katikati, mguu umening'inizwa uzito huku akisubiri nafasi yake ya kuwekewa vyuma. Saa ya ndugu kuondoka ilikuwa imeshapita, lakini sista alimwachia mama yake akae kidogo kwa sababu alikuwa ametoka Rombo na mvua yote ile mwilini. Alikuwa amejifunika khanga mbili, ana daftari la shule mapajani na kalamu.

Nilimwamkia, nikamkagua kijana. Nikabonyeza ukucha wa dole gumba nikangoja rangi irudi, nikamwambia achezeshe vidole, nikasikiliza anavyopumua. Maumivu yalikuwa yamerudi, nikamwandikia tramadol. (Hiyo ni dawa ambayo mimi mwenyewe siwezi kuigusa siku ya mashindano. UCI, chama cha baiskeli cha dunia, iliipiga marufuku mwaka 2019, WADA, wale wanaopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ikafuata 2024, na moja ya sababu ni kwamba inaleta kizunguzungu na kupoteza umakini, na mtu mmoja akipoteza umakini ndani ya kundi anaangusha wengi.) Nilipokuwa naandika, mama akasema:

"Dokta, sista ameniambia wewe ndiye unaendesha baiskeli za mashindano."

"Ndiyo, mama."

"Barabara hizi hizi?"

"Hizi hizi."

Akamtazama mwanawe. Akautazama ule uzito. "Sasa ukianguka huko, mwanangu, nani anakuokota?"

"Wenzangu, mama."

"Wenzako si wanashindana na wewe?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na papo hapo nikaitwa mapokezi, wameletwa wawili kwa mpigo. Niliporudi wodini alikuwa ameshaondoka.

Hakuniambia kwa ukali. Ningejua la kufanya na ukali. Nimesikia wa kila aina tangu nianze, kuanzia wanaoniuliza nitaolewa lini hadi wanaosema daktari gani anavaa vile barabarani. Huyu aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza dawa inanywewa kabla ya chakula au baada. Ndiyo maana limenishika. Asubuhi nilitoka zamu, nikanywa uji, nikalala saa chache, halafu nikapanda kwenda Marangu Mtoni kama kocha alivyopanga, na njia nzima kutoka Himo nilikuwa namjibu yule mama. Kila kona jibu jipya. Hakuna hata moja lililofika juu.

Kinachoniuma nakijua. Mnamkumbuka mwenzangu wa zamu, yule niliyewaandikia habari zake wakati wa Krismasi. Bila yeye hakuna baiskeli, nalisema hili wazi. Mimi namshikia mchana wa Ijumaa na sikukuu za Idi, yeye ananishikia Jumapili zangu za mashindano. Hatujawahi kuandikiana popote wala kuhesabiana. Nikirudi kutoka mashindanoni nakuta wagonjwa wangu wameandikwa vizuri kuliko ningewaandika mimi, pamoja na ujumbe mfupi: kitanda namba fulani angalia kidonda, kitanda fulani wamekosa damu, nimewapigia tena. Basi naye ameomba ubingwa wa mifupa. Ufadhili mwaka huu ni nafasi moja. Yeye anajua nimeomba, mimi najua ameomba, na tangu tujue tumekuwa tukiongea habari za wagonjwa tu.

Kwa hiyo mama aliposema "wenzako", mimi niliyekuwa nawafikiria wanawake wa baiskeli nilijikuta nimesimama mbele ya mtu mwingine kabisa.

Nikaanza kutafuta ushahidi, kama ninavyofanya nikichanganyikiwa. Usiku wa Jumatano nilirudi kwenye Tour de France ya wanawake ya mwaka 2024. Wengi wenu mliifuatilia pamoja nami. Demi Vollering wa Uholanzi alikuwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano yote. Hatua ya 5, wakielekea Amnéville, zimebaki kilomita kama 6, akaanguka. Mtu mwenye jezi ya njano akianguka unategemea timu nzima isimame, impe mgongo wa kujikinga upepo, imrudishe kundini. Wenzake wengi wa timu walikuwa mbele, wakaendelea. Blanka Vas, wa timu hiyo hiyo, ndiye aliyeshinda hatua siku ile. Vollering alivuka mstari dakika 1 na sekunde 47 baadaye, na jezi ikahamia kwa Kasia Niewiadoma wa Polandi. Siku 3 baadaye Vollering alishinda kule juu Alpe d'Huez, na ubingwa wa mashindano yote akaukosa kwa sekunde 4. Hakuna Tour iliyowahi kuamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo, ya wanaume wala ya wanawake.

Simlaumu Vas. Katika kilomita za mwisho husikii vizuri, huoni nyuma, na ukigeuka umepoteza. Lakini nilitazama tena ile picha ya Vollering akipanda baiskeli peke yake, nikasema: mama wa Rombo kashinda. Hawa hawakuwa hata wapinzani. Walivaa nguo moja.

Halafu wapo wanaonitajia Marlen Reusser kila ninapolalamika juu ya zamu. Naelewa kwa nini. Ni daktari, alifanya kazi hospitalini Uswisi, akaja kuacha wodi na kushika baiskeli moja kwa moja, na Septemba 21, 2025, Kigali, siku moja baada ya kutimiza miaka 34, akawa bingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa. Nampenda sana. Ila mtazameni alivyoshinda: katika mbio za saa kila mtu anaondoka kwa dakika yake na hakuna ruhusa ya kukaa nyuma ya mgongo wa mtu. Swali la mama halimpati pale. Halafu Reusser alichagua. Mimi sijachagua, na sitaki kuchagua, na kwa kuwa sitaki, kila wiki naishi kwa mgongo wa mtu mwingine, barabarani na kazini.

Hapo ndipo nilipokuwa Alhamisi asubuhi, moyo mzito, nikiwa nimeshaamua kwamba naishi kwa kukopa kwa watu ambao siku moja watanidai.

Alhamisi mchana niko wodini, saa ya kutazama wagonjwa. Wakaingia vijana wa bodaboda wakiwa na viakisi-mwanga vyao vya kijani, helmeti mkononi, wamejaa mlango mzima hadi sista akawaambia waingie kwa zamu. Ni wa kijiwe kimoja na yule kijana, pale Himo. Mmoja mtu mzima kidogo akanisogelea akaniuliza kama mguu walimfunga vizuri siku ile.

Nikamuuliza, mguu mlimfunga ninyi?

Ndiyo, dokta. Gari lilimgonga likakimbia. Walimkuta mtaroni. Yeye zamani aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, kwa hiyo hawakumkunja kwenye pikipiki. Walimnyoosha taratibu, wakafunga mguu uliovunjika kwenye mguu mzima kwa mikanda yao wenyewe, goti kwa goti, kifundo kwa kifundo, wakasimamisha pikapu ya mkaa, wakashusha magunia, wakamlaza chali.

Sijui kama mnaelewa walichokifanya. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kumwaga lita nzima ya damu na zaidi ndani ya paja lake mwenyewe bila tone kuonekana nje, na kadiri ule mfupa unavyochezacheza ndivyo unavyozidi kukata. Ile mikanda ilimwokoa. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake wote, akatazama chini.

Na hao, jamani, ni watu wanaogombania abiria mmoja kuanzia alfajiri! Mmeona pale stendi ya Himo basi linaposimama. Wanavutana mabegi, wanakatana bei, jioni mmoja ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki na mwingine hana. Kijana akiwa kitandani, abiria wake wamegawana hao hao. Nao ndio waliomwokota, ndio waliokuja na bahasha ya mchango wa vyuma.

Mama alikuwepo. Alifungua lile daftari akaandika: jina, kiasi, jina, kiasi. Ndipo nikajua la kazi gani. Kurasa zilikuwa zimejaa tangu siku ya ajali, na kila jina lilikuwa la mtu wa kijiwe.

Yaani Jumanne usiku, alipokuwa ananiuliza, daftari lilikuwa mapajani. Alikuwa analijua jibu kuliko mimi. Nimerudia tena na tena ile "si wanashindana na wewe?" yake, na sasa naisikia tofauti. Alikuwa ametoka kuona kitu kilichomshangaza maishani mwake, wapinzani wa mwanawe wakivua mikanda, na nadhani alitaka kujua kama na kwetu ni hivyo.

Na kwetu ni hivyo, mama! Ningekuwa na dakika ile tena ningekueleza. Ningekueleza kwamba ukijificha upepo nyuma ya mtu unaokoa hadi theluthi ya nguvu zako, kwa hiyo mbele hakuna anayeweza kukaa muda wote, lazima mpokezane, na mnayepokezana naye ndiye huyo huyo unayetaka kumshinda. Yule dada wa Arusha aliyenishinda Jumapili tulibebana tangu Usa River, yeye upepo, mimi upepo, hadi mita za mwisho akaniacha, halafu akaja kunishika bega kabla sijapata pumzi. Ningekueleza Kigali, ile Jumamosi niliyosimama kwenye mawe ya Kimihurura hadi miguu ikafa ganzi: mbio za barabarani za ubingwa wa dunia wa wanawake, kilomita 164.6, na wakubwa wote waliotabiriwa wakabaki nyuma wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kufukuza, wakati mbele kikundi kidogo kilichochomoka kinapokezana kazi. Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuna jirani yangu pale barabarani aliyekuwa ameshika jina lake, akatokea humo humo akawa bingwa wa dunia. Waliokataa kusaidiana na wapinzani wao walirudi mikono mitupu. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikaliandika hapa, na bado Jumanne nilishindwa kulisema.

Kijana kaingia thieta jana asubuhi, kila kitu kimekwenda sawa. Aliyemshikia mguu bosi wakati wa kuweka vyuma ni mwenzangu wa zamu. Baadaye nilimkuta chumba cha chai, nikamwambia kijana wako wa Himo ana wenzake wazuri. Akasema amewaona. Tukanywa chai. Nikamwambia, ile nafasi moja, akiipata yeye nitafurahi kweli, na akiipata mwingine nitaumia. Akacheka hadi akamwaga chai, akasema na yeye alikuwa hajui aanzie wapi. Kisha akauliza mashindano yajayo ni tarehe ngapi, maana anataka kupanga safari ya Tanga kwa wazazi wake na hataki zigongane.

Nimelala usingizi mzuri jana, wa kwanza wiki hii.

Ila leo kuna jingine limeingia. Mdogo wangu wa mwisho, matokeo yake ya kidato cha nne mliyaona: Jiografia A, Historia B, Kemia C ya kujikokota, Fizikia D. Mama anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Anasema nyumba iliyotoa daktari mmoja itatoa wa pili, na mtoto hathubutu kumwambia kwamba anataka HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, kwa hiyo ananiandikia mimi usiku wa manane. Dirisha la kubadilisha tahasusi bado liko wazi lakini halitakaa wazi, na nywila anayo mama, kaiandika nyuma ya Biblia yake, na Biblia kaondoka nayo kwa dada. Jumatatu niko zamu. Kesho baada ya mazoezi inabidi niende kwa dada, nimbebe mtoto mchanga kwanza, nimsifie mama kwa mtori, ndipo nilianzishe, na sijui kabisa atalipokeaje.