Dakika nane za mashine ya dirishani

"Omera, dakika kumi na mbili umezifanyaje ziwe ishirini?"

Mteja wa mashine ya dirishani aliuliza kwa sauti iliyosikika saiba nzima. Saiba yangu, duka la kukodisha kompyuta za intaneti, iko Kondele, Kisumu: mashine sita, shilingi moja kwa dakika. Shilingi nane si pesa ya kugombania, lakini jirani yake alikuwa tayari ameanza kukokotoa za kwake. Nikamrudishia, nikaomba radhi, na moyoni nikasema hii ni ile betri inayotunza saa ya mashine tu.

Nilikuwa na sababu ya kuishuku betri. Ulikuwa mwisho wa Juni, foleni ya ritani za kodi za KRA imefika mlangoni, na mashine ya kwanza ilikuwa imenitesa wiki nzima. Kila stima ikipotea na kurudi, inaamka ikidai leo ni tarehe 1 Januari 2009, kisha brauza inagoma kufungua tovuti yoyote ya maana. Tovuti hizo hubeba cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayoamini iko 2009 inakiona cheti kama mtoto ambaye hajazaliwa, inakikataa. Nilichomoa ile betri bapa ya CR2032, ambayo hutakiwa kuwa na volti 3, nikaipima: 2.1. Nikaweka mpya, nikaandika tarehe kwa mkono, kazi ikaendelea.

Kwa hiyo mteja alipolalamika, nilinunua betri tano zaidi. Jumapili nzima nikafungua mashine zilizobaki, bisibisi mkononi, vumbi puani. Jumatatu asubuhi ile ya dirishani ilikuwa bado nyuma ya saa ya kaunta, na mashine ya pili ilikuwa nyuma zaidi. Pesa yangu imeenda. Hapo ndipo nilipoweka bisibisi chini nikaanza kutazama kila saa inakosea namna gani, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo.

Mashine ya pili ilitambuliwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kuchapisha barua. "Kijana wangu," akaniambia, "kompyuta yako inadhani jua ndio linachomoza." Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, kioo kiliandika 6:10. Pengo la saa tatu kamili, bila dakika ya kupungua wala kuzidi. Betri mbovu haikosei kwa unadhifu huo. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, mwaka mzima. Nikakumbuka kwamba mpwa wangu aliweka Ubuntu, mfumo wa Linux, kando ya Windows kwenye mashine hiyo. Ubuntu huhesabu kwamba saa ya kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta, ni ya UTC; Windows huisoma ileile kama saa ya hapa nyumbani. Mpwa akiingia Ubuntu anaona saa tatu zimezidi, anarekebisha, na Windows ikiamka inajikuta alfajiri. Amri moja upande wa Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1, ikaifanya nayo iisome kama saa ya hapa nyumbani, ikamaliza ugomvi. Wajuzi watasema dawa bora ni kuibadilisha Windows kupitia rejista, hifadhi ya mipangilio yake ya ndani. Wanaweza kuwa na haki, ila mimi rejista siigusi wateja wakiwa mlangoni.

Ya dirishani ndiyo iliyonifunza kazi. Niliiacha ikiwaka usiku na mchana, na kila asubuhi nikiilinganisha na simu yangu, ambayo hujichukulia saa kutoka mtandaoni. Nyuma ya kitabu cha mauzo nikaandika sekunde ilizozidi kuchelewa tangu nianze kuipima: 8, 17, 24, 33, 41. Hairuki wala hairudi mwaka 2009. Inateleza tu, sekunde nane hivi kwa siku.

Saa yoyote ya kompyuta huhesabu mitetemo ya fuwele. Ile inayolishwa na betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde, yaani moja ikizidishwa kwa mbili mara kumi na tano, na mashine ikiwaka hutegemea fuwele nyingine. Hakuna iliyo sahihi kabisa, na joto huzibadilisha mwendo. Sasa fikiria boksi la chuma lililokaa dirishani chini ya mabati ya Kisumu. Sekunde nane kwa siku ni kosa la sehemu 93 hivi katika milioni. Dogo sana, lakini kwa miezi miwili ni dakika nane. Ndizo zile za mteja: programu ya kuhesabu dakika ilikuwa ikichukua saa ya kuanza kwenye mashine yake na saa ya kumaliza kwenye kaunta. Aliyeibuni hivyo angeketi kaunta yangu siku moja.

Swali likabaki: kwa nini miezi miwili hakuna aliyeisahihisha? Windows hutakiwa kuuliza saa mtandaoni, nami nikaijaribu kwa amri yake: w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org. Ikajibu kwa kosa 0x800705B4, mstari baada ya mstari. Maana yake imeuliza, imesubiri, haikujibiwa. Nikaiunganisha na intaneti ya simu, nikarudia amri ileile. Safari hii namba zikashuka mara moja: +481. Dakika nane na sekunde moja! Mashine haikuwa na kosa. Fundi aliyetuwekea ruta alifungua njia za tovuti tu, na maombi ya saa hupita njia nyingine, UDP poti namba 123. Nikaifungua.

Mtindo huo wa kuulizana saa ni kazi ya marehemu David Mills, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na umekuwepo tangu 1985. Mashine yako hupima swali na jibu vimetumia muda gani njiani, inakata nusu, kisha inajua jibu lilichelewa kiasi gani kufika. (Mashine ya kwanza nayo isingeponywa na mtandao peke yake: Windows isiyo kwenye domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja, kwa kawaida haisahihishi pengo linalozidi saa 15.)

Intaneti yetu hukatika, kwa hiyo sikuishia hapo. Nilichukua laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, nikaweka Linux na chrony, programu ya kupokea na kugawa saa. Betri yake huivusha stima ikipotea. Kwenye faili la mipangilio niliongeza mistari miwili tu, allow 192.168.1.0/24 na local stratum 10. Wa kwanza unaziruhusu mashine za saiba ziiulize saa; wa pili unaiambia iendelee kutoa saa hata intaneti ikizima. Kwa biashara kama yangu, mashine kukubaliana zenyewe kwa zenyewe kunanifaa kuliko kukubaliana na dunia. Zile sita nikazielekeza huko, ziulize kila baada ya sekunde 3,600 badala ya 604,800 zilizokuwa humo, ambazo ni wiki nzima.

Ya dirishani bado huchelewa, ila sasa haifikishi hata nusu sekunde kabla ya kusahihishwa. Yule mteja alirudi Jumamosi. Nikampa dakika ishirini za bure, akazitumia zote kubishana na watu mtandaoni kuhusu Gor Mahia, kisha akaomba tano za nyongeza.