Jumapili ya Salamu, Sheffield 1963

Januari 1963 Uingereza iliganda. Theluji iliyoanza kuanguka baada tu ya Krismasi ilikuwa bado imelala barabarani, ngumu, nyeusi kwa moshi wa makaa. Nilikuwa mwanafunzi wa unesi Sheffield, binti wa Muheza niliyelelewa kwenye misheni ya Magila, na nilikuwa nimeshaamini kabisa kwamba Waingereza hawasalimiani. Wodini waliniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu kule, lakini hakuna aliyeniuliza nimeamkaje wala nyumbani hawajambo. Kwetu ukimpita mtu mzima bila shikamoo, habari inatangulia kufika nyumbani.

Mama mmoja niliyesali naye alinialika chakula cha mchana siku ya Jumapili. Nilimkuta jikoni, nyama ya ng'ombe iko kwenye oveni, viazi vimezunguka nyama, naye anapiga unga na mayai kwa ajili ya ile Yorkshire pudding yao. Mumewe aliniketisha karibu na moto, kisha akawasha redio. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya vali, ile ambayo hukaa kimya kwanza mpaka ipate moto, ndipo sauti inapanda polepole. Kwenye kioo chake yalisomeka majina ya stesheni za mbali: Hilversum, Athlone, Luxembourg. Lakini sindano yao haikutoka Light Programme, stesheni ya BBC ya burudani, mita 1500. BBC niliyoijua mimi ilikuwa ya Idhaa ya Kiswahili, ya taarifa ya habari, ambayo baba alitunyamazisha wote ili aisikilize. Kwamba BBC nayo hucheka na kupiga muziki, nililijua Sheffield.

Saa sita mchana kilianza kipindi cha Two-Way Family Favourites. Mtangazaji mmoja yuko London, mwenzake yuko Cologne, kwenye redio ya majeshi ya Uingereza, na kazi yao ni kusoma majina. Fulani aliye kambini Ujerumani anasalimiwa na mama yake, na dada zake, na mchumba wake. Kisha inapigwa santuri waliyomchagulia. Halafu upande wa pili: askari anawasalimu wa nyumbani. Zikatajwa namba za posta za jeshi, mitaa, majina ya watoto waliozaliwa baba yao akiwa hayupo. Nilikaa nimeduwaa. Zilikuwa salamu! Salamu zilezile za redioni tunazozijua sisi, majina yamepangwa mstari mmoja hata unajiuliza kama wimbo utabaki na nafasi.

Yule mama alitoka jikoni na kijiko mkononi, akasimama. Mtoto wao wa kiume alikuwa Ujerumani, kati ya vijana wa mwisho kabisa wa utumishi wa lazima jeshini, na mama alikuwa amepeleka kadi ya kumwombea wimbo. "Kule sasa ni saa saba," akaniambia. "Wamekaa kula, wanasikiliza hikihiki." Mimi nikapiga hesabu yangu kimoyomoyo: Muheza saa tisa alasiri, jua limeanza kulegea, baba kakaa barazani. Kwa baba hakukuwa na Cologne. Barua yangu ingemfikia baada ya siku nyingi, na nilichoandika kingekuwa kimeshapitwa.

Jina la mtoto wao halikusomwa. Lilisomwa la kijana mwingine wa kambi hiyohiyo, na mama akapiga kofi mezani kwa furaha. "Ni wa kwao! Basi naye kasikia." Akakaa akausikiliza wimbo wa yule kijana mpaka mwisho, kama vile ni wa mwanawe, ndipo akarudi kwenye oveni. Nilimpenda tangu dakika ile. Mwanamke anayeipokea salamu ya mtoto wa mwenzake kwa moyo ule ni mama wa popote.

Mezani mzee alinisimulia habari za kipindi chenyewe. Watangazaji wake, Jean Metcalfe wa London na Cliff Michelmore aliyekuwa Hamburg, redio ile ya majeshi kabla haijahamia Cologne, walizoeana kwanza kwa sauti tu, kila mmoja na visikizio vyake masikioni, bahari katikati; mwaka 1950 wakaoana. Nchi nzima iliifurahia ndoa ile, alisema, maana wasikilizaji walijiona mashahidi.

Baada ya chakula alikuja redioni Billy Cotton na bendi yake, akipiga ule ukelele wake wa "Wakey-wakey!", mzee akawa anagonga mguu sakafuni. Alasiri ilipita kwa chai na nyimbo za vijana. Usiku zikaja tenzi za kipindi cha Sunday Half-Hour, waumini wa kanisa moja wakiimba na nchi ikiimba nao majumbani. Ukapigwa utenzi ninaoujua tangu utoto. Nikauimba kwa Kiswahili, wao kwa Kiingereza, na hakuna aliyepotea njia, kwa sababu tuni ni ileile. Mama alinishika mkono akaniuliza habari za nyumbani: baba, mama, wadogo zangu, mmoja mmoja kwa majina. Nilimjibu wote hawajambo. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa hivyo tangu nishuke melini.

Kijana wao alirudi Mei, jeshi lilipowaachia wale wa mwisho. Nilimkuta mezani pale Jumapili moja, mrefu, mpole kama baba yake. Alisema kambini kipindi kikianza ni marufuku mtu kuongea mpaka majina yaishe. Mama alipokwenda kutoa nyama, nilimuuliza juu ya siku ile ya Januari, rafiki yake aliposalimiwa. Akainamisha kichwa. Siku ile alikuwa zamu ya lindo, kwenye baridi, hakusikia hata neno moja. Tukakubaliana mama yake asiambiwe.