Dakika ishirini za madirisha wazi

Jana usiku simu ikaita: ujumbe wa sauti kutoka Würzburg, Ujerumani. Hamna neno ndani yake, ni kengele tu, na kwa mbali mtu anakohoa. Dada wa kule, wa familia iliyonipokea nilipokwenda kusoma, hutuma kila tarehe 16 Machi. Kwao inakuwa saa 3:20 usiku, kwetu Mwanza saa 5:20. Mwanangu, ambaye saa hizo alitakiwa awe amelala, akauliza inakuwaje mtu afungue dirisha kwenye baridi ili arekodi kengele. Nikamwambia arudi kitandani. Swali lenyewe halijaniacha mpaka asubuhi hii.

Mama wa familia hiyo, kwenye mtaa wa Sanderau, alikuwa na sheria zake. Kuhusu dirisha hakuwa na mzaha, na kwa kweli alikuwa na sababu. Nyumba za kule zimezibwa barabara: vioo viwili viwili, mipira kuzunguka fremu, milango inayobana. Joto halitoki, lakini mvuke nao hautoki. Watu wanne wakilala, wakioga, wakichemsha viazi na kuanika nguo ndani, humwaga lita kadhaa za maji hewani kila siku, na maji hayo hutafuta ukuta wenye baridi kuliko yote. Mara nyingi ni pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati, na hapo ndipo ukungu mweusi huota. Ndiyo maana kabati haligusi ukuta wa nje. Huachiwa nafasi ya kiganja ili hewa ipite. Na ndiyo maana madirisha hufunguliwa wazi kabisa, mara tatu au nne kwa siku, kisha yakafungwa. Desemba hadi Februari dakika tano. Machi, kumi.

Kabla ya kufungua, hita ya ukutani, inayopitishiwa maji ya moto, huzimwa. Kitufe chake kina namba 1 hadi 5, na namba 3 ni kama nyuzi 20. Ndani ya kitufe mna kitu kinachotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, hicho ndicho kinachobana na kuachia maji ya moto. Hewa ya nje ikikishukia, kinaamini chumba chote kimeganda, kinaachia maji yote, na wewe unapasha moto barabara kwa fedha ya mwenye nyumba. Wageni wengi wakirudi kwenye chumba kilichopoa hukimbilia namba 5. Haisaidii kitu. Namba ni kiwango cha joto unachotaka, si kasi ya kukifikia. 3 na 5 hufika nyuzi 20 kwa wakati uleule, ila 5 haikomi hapo.

Halafu kuna mkono wa dirisha. Ukielekea chini, limefungwa. Ukilala ubavu, linafunguka kama mlango. Ukielekea juu, dirisha linalalia ndani kwa upande wa juu na kuacha mwanya. Mwanya huo unaonekana wa busara, na mtu aliyezoea nyumba za kwetu hudhani kuuacha siku nzima ndio ustaarabu. Kumbe hewa hubadilika kwa kuchechemea, huku ukuta unaozunguka dirisha ukipoa saa baada ya saa, mpaka jioni unatoa jasho. Na ukitaka kutoka kwenye mwanya kwenda wazi, lisukume kwanza lijifunge, ndipo ugeuze mkono. Ukiugeuza lingali wazi, bawaba ya juu huachia na dirisha zima, kioo na fremu yake, linaning'inia kwa kona moja ya chini. Halianguki, ila moyo unaanguka. Dawa yake ni kuibana kona ya juu kwa kiganja irudi mahali pake, kisha kuugeuza mkono taratibu.

Mama alisisitiza zaidi upepo wa kupita: dirisha la jikoni upande wa mbele na mlango wa kibaraza upande wa nyuma vifunguliwe pamoja, milango ya kati iwekewe kabari isijibamize. Hewa ya nyumba nzima inageuka mara moja, kuta hazijapata hata muda wa kupoa.

Bibi, mama yake mama, hakuuvumilia upepo huo. Kiti chake kilikuwa katikati kabisa ya njia yake, naye hakukubali kihamishwe. Kila asubuhi alichukua skafu na gazeti akaenda kujifungia chooni mpaka tumalize. Hakuna aliyelishangaa hilo. Wazee wengi wa Kijerumani wana ugomvi na upepo wa kupita, wanausingizia shingo, figo, hata meno.

Miezi ya baridi ikapita hivyo. Shule, theluji, ziara ya kwenda Residenz, kasri la kale la maaskofu, kuona dari iliyochorwa na Tiepolo, ambako Afrika ni mwanamke aliyepanda ngamia na darasa zima linageuka kukuangalia wewe.

Jioni ya tarehe 16 Machi tulikuwa tumemaliza kula. Saa tatu na robo hivi bibi akainuka mwenyewe, akavaa koti la kutokea nje, akazima hita kwa mkono wake, akafungua dirisha la jikoni wazi. Kisha akaenda kufungua mlango wa kibaraza. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo. Akatazama saa ya ukutani, asiseme kitu.

Zikaanza kengele za kanisa la Mtakatifu Adalbero, kwa sababu ziko karibu. Halafu zikaja za katikati ya mji, moja juu ya nyingine, mpaka hukuweza kuzitenganisha. Kabari hakuna aliyeiweka. Mlango wa korido ukajibamiza, leso za karatasi zikaruka kutoka mezani hadi kwenye sinki, pazia likatoka nje na kubaki huko likipepea. Bibi alikaa kwenye kiti chake, katikati ya upepo uleule, mikono mifukoni. Ndipo akanieleza mimi, mgeni, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza unga unavyokorogwa.

Kwanza yanakuja mabomu ya mlipuko. Hayo kazi yake ni kuvua vigae na kuvunja madirisha. Nyuma yake vinafuata vijiti vya moto, kimoja hakifiki kilo mbili, vinadondoka darini kupitia paa lililokwisha funguka. Kimoja unaweza kukifukia kwa ndoo ya mchanga. Vilikuja mamia ya maelfu. Na madirisha yakishakuwa hayana vioo, mbele na nyuma, akasema, upepo unajua wenyewe la kufanya.

Usiku ule wa tarehe 16 Machi 1945, mji uliposhambuliwa, alikuwa na miaka minane. Walitoka kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye kuta za maghala ya chini, nyumba hadi nyumba, mpaka mtoni Main. Mashambulizi yenyewe hayakuzidi dakika ishirini. Watu kama 5,000 walikufa na mji wa kale karibu wote ukateketea. Paa la Residenz liliungua, lakini kuba ya mjenzi wake Balthasar Neumann juu ya ngazi, yenye ile picha ya Tiepolo, ilihimili, na yule mwanamke na ngamia wake wakabaki. Haya ya mwisho niliyasoma baadaye. Bibi aliishia mtoni.

Nilidhani nimeelewa kwa nini anakimbilia chooni kila asubuhi. Siku chache baadaye nikamdokezea mama. Akacheka kidogo, akasema babu yake hakuwahi kuona bomu maishani, alikufa kabla ya vita, na aliuchukia upepo wa kupita kuliko binti yake. Shingo za ukoo huo ndivyo zilivyo, akasema. Sasa sijui. Huenda wote wawili wana haki, na huenda mgeni hupenda kila tabia ya wenyeji iwe na sababu kubwa.

Kengele zilipokoma, kipima unyevu kilisoma asilimia 33 na joto lilikuwa nyuzi 13. Mama akafunga mlango wa kibaraza, akalivuta pazia ndani, akarudisha hita kwenye 3. Bibi alikuwa bado na koti lake.

"Machi ni dakika kumi," akasema. "Leo mmefungua ishirini. Hizo za ziada zikatwe kesho asubuhi."

Mama akamwambia haikatwi namna hiyo. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kuhusu dakika.