Akikamatwa Ijumaa jioni

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha korti ikiwa imefungwa, polisi wanaongezewa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndipo wakosoaji wa serikali wanapokamatwa Ijumaa na kulala seli hadi Jumatatu. Huo ni uonevu, hata kama kalenda inauruhusu.

Jamaa waulize kwanza namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Asipoandikishwa, ni rahisi kituo kukana kwamba kinaye. Wakikana, kimbilieni Mahakama Kuu mkaombe amri ya habeas corpus, yaani ya kuwalazimisha polisi wamlete aliyekamatwa mbele ya korti. Kifungu cha 25 hakiruhusu haki hiyo iwekewe mipaka, na kufungua kesi ya kutetea haki za kikatiba chini ya kifungu cha 22 hakutozwi ada.